Viroba, zile pombe kali za vifuko, vilipopigwa marufuku, kwenu ikawaje? Tupeane uzoefu, hasa wa Mtwara na Lindi

Bodaboda Mstaafu (Masasi): Wakuu, salaam. Juzi nafagia kijiwe cha zamani, nikakuta kifuko cha kiroba kimefukiwa mchangani. Nikakumbuka Machi 1, 2017. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, mtu wa huku kwetu Ruangwa, alitangaza Februari, na mwezi ulipogeuka vikawa haramu. Mimi kila asubuhi kimoja kilikaa mfuko wa shati. Shilingi mia tano, unang'ata kona, umemaliza kabla abiria hajapanda. Vilipobaki vya chupa, bei ikanishinda. Sikutubu, nilipiga hesabu tu. Wenzangu wawili wakahamia kwenye nipa, gongo ya mabibo. Semeni ya kwenu, ila mahubiri hapana.

Korosho Ghafi (Tandahimba): Sisi viroba vilitupita kando. Msimu ukifika mabibo yametapakaa chini ya mikorosho, unakamua, yanalala, kesho una uraka. Utamkataza nani? Marekani walipiga marufuku pombe 1920, wakaja kufuta 1933, na hao hata mikorosho hawakuwa nayo.

Mama Wawili (Nachingwea): Cheka tu kaka. Mwaka ule mume wangu alianza kurudi na unga nyumbani. Miezi minne hivi. Halafu akakijua kilabu cha nipa kule bondeni, tukarudi palepale. Lakini ile miezi minne nililala usingizi, asiniambie mtu katazo halikusaidia.

Binti wa Newala: Mama yangu alikuwa mpishi wa nipa. Nilikuwa nakaa na kata pembeni ya pipa, kazi yangu kubadilisha maji ya kupoza bomba yakipata moto. Tone, tone, tone, hadi chupa ijae. Akijaribu, anamwaga kidogo kwenye kifuniko, anawasha kiberiti. Moto ukiwa wa buluu, imekubali. Sare zangu zote zilitoka kwenye lile bomba. Gongo ni kosa tangu sheria ya 1966, tulijua. Siku polisi walipokuja, nilikuwa kidato cha pili. Mjomba aliuza korosho zake kwa kangomba, yaani zikiwa bado maua, ili faini ipatikane. Msimu mzima yeye hakuvuna chochote. Na wateja? Jioni ileile walikuwa wamekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mmoja alipita kutupa pole, ananukia.

Mtu wa Kilwa: Huku pombe haikai barazani, miaka yote ni mlango wa nyuma. Kwa hiyo katazo lilitukuta tumeshazoea kujificha.

Bodaboda Mstaafu: Dada wa Newala, pole. Mama bado anapika?

Binti wa Newala: Ameacha, anauza maandazi stendi. Bomba walichukua, pipa wakaacha. Na shida ya maji ya Newala mnaijua wenyewe: mvua ikinyesha tunalitega chini ya bati.