Ushauri: Kwenda Bahi kuangalia ndege wa majini, mwezi wa tano panafaa?

Mleta uzi: Wakuu, heshima kwenu. Tuko wawili, tunaishi Dodoma mjini. Tunataka kwenda Bahi kuangalia ndege kwenye bwawa la Sulunga na majaruba ya mpunga. Tuna gari dogo aina ya IST na darubini moja ya 10x50. Je, mwezi wa tano maji yanakuwepo? IST itafika majini? Na heroe (flamingo) tutawaona?

Jaruba: Karibu mkuu. Bahi maji ndiyo kila kitu. Yanaletwa na mto Bubu kutoka upande wa Kondoa, yakishaingia hayana pa kutokea, yanaishia kwa jua. Mvua ikiwa nzuri, mwezi wa tano bwawa bado limejaa na matope ya pembeni yameanza kukauka, kwa hiyo ni muda mzuri. Mvua ikiwa haba, utakuta tambarare yenye nyufa na ng'ombe. Usiangalie mvua ya Dodoma mjini, haikwambii kitu. Ulizia Kondoa na Chemba walinyeshewaje, halafu piga simu kwa mtu wa Bahi kabla hujajaza mafuta.

Kuna jambo moja la kuchagua. Ndege wanaotoka Ulaya, hasa wale wadogo wa matopeni, mwezi wa tano karibu wote wameshaondoka. Hao ni wa Januari hadi Machi, ila miezi hiyo njia ni tope tupu. Mwezi wa tano utapata wenyeji: mwari, yangeyange, kwarara, domo-kijiko, mnandi, bata wa aina kadhaa. Wanatosha kabisa.

Kigwe_Stesheni: IST inafika Bahi bila shida, ni lami mwanzo mwisho, kilomita kama 60, barabara ya Singida. Kuingia majini usithubutu. Ule udongo mweusi juu umekauka, chini ni uji. Gari dogo linakaa na tumbo, na trekta la kukuvuta litakutoza linavyotaka. Acha gari gesti, chukua boda mwenyeji, mpatane kabisa bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Hata boda, kukiwa na unyevu tope linajaa kwenye madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka. Boda anayejua njia hubeba kijiti cha kulikwangua. Asiye nacho, muulize vizuri kama huwa anafika huko.

Mama Matete: Mlale Bahi, msitoke Dodoma alfajiri. Mji uko kaskazini mashariki mwa bwawa, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni na ndege wamemulikwa vizuri. Saa 12 na nusu muwe mmeshakaa kwenye tuta. Ikifika saa 4 hewa inachezacheza kwa joto, na hiyo 10x50 itawaonyesha vivuli vinavyotetemeka tu. Jioni ukisimama upande huohuo jua linakupiga usoni, ndege wote wanakuwa weusi.

Kuwasogelea: msiende moja kwa moja. Tembeeni kimshazari kama mnapita zenu, hatua 20 mnasimama. Mkiona yangeyange ananyoosha shingo na kuacha kula, mmefika mwisho, kaeni chini hapohapo. Mkichuchumaa dakika 10 wanarudi kula.

Jaruba: Nyongeza. Pale si hifadhi ya taifa, hakuna geti. Pitieni kwa mtendaji wa kijiji mjitambulishe, maana watu wenye darubini shambani huzua maswali. "Mbukwa" (salamu ya Kigogo) kwa wazee kwanza, darubini baadaye. Tembeeni juu ya matuta, msikanyage mpunga. Na msivue viatu kuingia majini, kichocho kipo kwenye maji ya namna hiyo. Gambuti ni muhimu kuliko kamera.

Mama Matete: Mkikuta wingu la kwelea kwelea linazama kwenye matete jioni, tazameni kwa mbali. Wakivamia mashamba, malalo yao hupuliziwa sumu kwa eropleni. Ulizeni kijijini kama kuna mpango wa kupulizia, na msinunue kwelea wa kukaanga msimu huo.

Kigwe_Stesheni: Kuhusu heroe, Bahi ni bahati nasibu, maji yakijaa chumvi inapungua mno kwao. Kama ndio hasa mnaowataka, songeni mbele hadi Singida, kama kilomita 240 kutoka Dodoma. Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi, yako mjini kabisa, huhitaji boda wala gambuti.

Mleta uzi: Asanteni sana. Droni je?

Jaruba: Bila kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) usirushe. Hata ukiwa nacho, ikipaa tu mwari wote wanahamia ng'ambo ya pili, na siku yenu imeishia hapo.