Nitatambuaje madini yaliyomo katika jiwe hili?

Swali
Wanajukwaa, habari zenu. Ninalo jiwe la ukubwa wa ngumi, jeupe kama maziwa, na ndani yake mna vipande vidogo vya manjano vinavyong'aa. Je, jiwe zima ndilo madini, au madini ni vile vipande tu? Na nitavitambuaje bila maabara?

Jibu la 1
Ndugu, madini ni kitu kigumu kilichojiunda katika maumbile, ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia na ambacho kemia yake ni maalumu: chumvi ya mawe ni sodiamu na klorini popote inapochimbwa. Mwamba ni mkusanyiko wa madini, kwa hiyo huo weupe nao ni madini. Ukikwaruza kioo, huenda ni kwatsi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha ugumu wa madini, cha 1 hadi 10, alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812. Ukikwaruzwa na msumari, huenda ni kalisaiti, yenye ugumu wa 3. Tumia pembe nyeupe tupu, maana hayo ya manjano nayo yaweza kukwaruza kioo yakakupoteza.

Jibu la 2
Rangi isikuhadae. Kwatsi hiyo hiyo huweza kuwa nyeupe, zambarau au ya waridi kwa sababu ya uchafu kidogo tu. Mimi huamini zaidi rangi ya unga. Geuza kigae cha kauri upande wa nyuma usiong'arishwa, kisha usugue kipande cha manjano hapo: dhahabu huacha mstari wa manjano, ilhali pairiti, madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu na yaliyokwisha kuwahadaa wengi, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Tena dhahabu ikidungwa sindano hubonyea, pairiti humeguka.

Jibu la 3
Ukitaka kuhakikisha kuwa weupe huo si kalisaiti, dondoshea siki, maana kalisaiti hutoa mapovu ikiguswa na asidi. Kwa kuwa siki ni asidi dhaifu, kwangua kwanza upate unga, kisha utazame mapovu kwa karibu.

Muuliza swali
Nawashukuru. Weupe umekwaruza chupa, na siki haikutoa povu. Mstari kwenye kigae ni mweusi. Kwa kioo cha kukuzia nimeona kipande chenye umbo la mchemraba, na nyuso zake zina mistari myembamba iliyo sambamba.

Jibu la 2
Basi hiyo ni pairiti ndani ya kwatsi. Usiiweke penye unyevu, kwani pairiti huliwa taratibu na kuacha kutu.