Amemnyang'anya mamangu sahani, yule mzee wa pizza hapa Malindi

Nimo ndani ya tuktuk naandika, mikono inatetemeka. Yule mzee mnamjua. Mwenye tanuri la kuni, miaka chungu nzima yuko Malindi na Kiswahili chake ni "jambo" na "hapana". Jina sitaji.

Amemnyang'anya mamangu sahani! Mtu mzima, uma mkononi!

Mama ametoka Mambrui kuja kliniki ya macho, nikasema leo nimpeleke akale pizza ya Kitaliano yenyewe. Tukaagiza Margherita, maana nyingine zina nguruwe. Haikukaa motoni hata dakika mbili, ikaja ukingo umefura, una madoa meusi ya moto, nyanya bado zatokota, majani ya rehani juu. Mama akapiga bismillahi, akafungua mkoba, akatoa kichupa chake cha achari ya embe. Kijiko kimoja tu!

Mzee akachomoka jikoni, unga hadi kwenye nyusi, mbio utadhani nyumba yaungua. Akakwapua sahani. "Hapana! Hii pizza, si viazi karai!" Mama akabaki na uma hewani, ukumbi mzima wamtazama. UMA HEWANI, jamani.

Na bili ikaja na pizza ile ile ndani! Juu yake coperto, pesa ya kukalia meza, 150 kwa kila kichwa. Hata mwanangu wa miaka miwili aliyelala mgongoni kahesabiwa.

Pweza_Mkavu: Pole kwa mama. Lakini achari juu ya Margherita? Mimi ningeita chifu.

Bint_Shela: Wewe Pweza nyamaza. Calabria huko huko kwao Italia pilipili inaingia hadi kwenye soseji. Ya Mambrui ina kosa gani?

Pweza_Mkavu: Calabria si Napoli, dada. Ufundi wa pizza wa Napoli uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi mwaka 2017. Mama wa watu anaibomoa turathi kwa kijiko cha chai.

Mwenye uzi: Turathi gani! Achari ile mamangu kaianika juani kwa mikono yake. Kama hataki achari, aseme kwa adabu, "mama, samahani". Amemnyang'anya SAHANI. Uma mkononi! Mnasoma kweli?

Pweza_Mkavu: Tumesoma. Uma hewani. Sahani nayo ilirudi?

Mwenye uzi: Haikurudi! Ndiyo nalia hapa!

Mla_Mahamri: Afadhali nyinyi. Mie niliomba kapuchino baada ya chakula, mhudumu akanitazama kama nimeomba sanda. Ati maziwa ni ya asubuhi. Kijana wa Kisumu Ndogo, tumesoma shule moja, ananiambia "noi italiani", yaani sisi Wataliano!

Bint_Shela: 😂😂 Noi! Na akikutana na wewe sokoni anakupigia "ciao".

Mzee_wa_Jahazi: Wataliano hawa hawa walirusha setilaiti ya Uhuru kutoka Ngomeni mwaka 1970. Kuweka kisahani cha pilipili mezani ndiko kumewashinda.

Kaa_Chonjo: Mwenye uzi, hiyo tuktuk unalipa ngapi?

Mwenye uzi: Mia tatu. Lakini hebu turudi kwenye sahani.

Kaa_Chonjo: MIA TATU? Ndani ya Malindi? Teremka!

Bint_Shela: Wa stendi hao. Wakiona umetoka hoteli ya Mzungu, bei inapanda kabla hujakaa.

Mla_Mahamri: Juzi Shela hadi Maweni wamenitoza mia mbili, ati mvua. Mvua yenyewe haikunyesha!

Mwenye uzi: Jamani, sahani ya mamangu.

Kaa_Chonjo: Mia mbili umebebwa peke yako au mlijazwa watatu nyuma?

Mla_Mahamri: Watatu, na gunia la mkaa miguuni.