Behewa langu la mfano la kubebea mawe linaacha njia kwenye reli ya mawe (Haytor, 1820): naomba msaada wa mafundi

Mtu_wa_Igogo

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Sasa naishi Newton Abbot, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Siku ya mapumziko huwa napanda basi hadi Haytor, kwenye nyanda za juu za Dartmoor. Siku ya kwanza kufika pale nilibaki nimesimama tu. Majabali yamebebana, jiwe juu ya jiwe, kama yale ya kwetu ukingoni mwa ziwa. Nikateremka upande wa machimbo ya zamani, nikaikuta reli imelala kwenye majani. Nilipoinama kuishika nikakuta hakuna chuma. Reli yenyewe ni jiwe la itale, limechongwa kwa tindo.

Aliyeijenga ni George Templer, mwenye machimbo, na ilifunguliwa mwaka 1820. Chuma kingemlazimu kukinunua na kukipandisha mlimani, na itale alikuwa anaikanyaga kila siku. Njia ilishuka kama kilomita 16 hadi mfereji wa Stover, mawe yakapakiwa kwenye mashua, kisha melini hadi London. Sehemu ya mawe hayo ilijenga London Bridge lililofunguliwa 1831, ambalo leo liko Arizona, Marekani.

Kila jiwe la reli limechongwa kama ngazi moja. Chini ndipo gurudumu linapopita, na upande wa ndani kuna ukingo uliosimama wa kulizuia lisiingie katikati. Kwa hiyo magurudumu hayakuwa na flenji (ukingo wa gurudumu la treni unaolizuia lisiteleze nje ya reli), yalikuwa bapa kama ya mkokoteni. Behewa lilikuwa jukwaa la mbao lisilo na kuta. Msafara ulikuwa kwa kawaida mabehewa 12 na farasi kama 18 katika mstari mmoja. Wakati wa kupanda walivuta mabehewa matupu, na wakati wa kushuka walifungwa nyuma ili wauzuie mzigo, maana mteremko wote ni kama mita 400.

Natengeneza mfano mdogo wa behewa hilo kwa skeli ya 1:32, yaani kila kipimo kimegawanywa kwa 32. Umbali kati ya reli ulikuwa futi 4 na inchi 3, kwangu ni milimita 40 na nusu. Reli nimezimimina kwa plasta, kipande kimoja kimoja, nikachonga kwa bisibisi ndogo niliyoinoa. Magurudumu ya milimita 19 nimeyakata kwenye bomba la shaba. Limependeza mno, lakini haliendi. Nikilisukuma tupu, kila likifika kwenye maungio gurudumu moja linapanda ukingo na behewa linalala katikati ya njia. Nimesawazisha reli mara tatu. Pia jiwe la mzigo linanishinda: nimeweka kipande cha itale halisi lakini macho yanakataa, linaonekana kokoto.

Mzee_Karakana

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi karakana ya reli Morogoro hadi kustaafu, na ugonjwa huo naujua.

Acha kusawazisha reli. Weka behewa juu ya kioo cha meza, ubonyeze kona moja moja kwa kidole. Nina hakika kuna kona itakayocheza. Fremu yako umeigundisha ikawa ngumu kama sanduku, na kitu kigumu chenye miguu minne kwenye njia ya mashimo husimama kwa mitatu. Behewa lenye flenji linaweza kusamehewa hapo. Lako halina, gurudumu likishanyanyuka hakuna tena cha kulirudisha.

Ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu, iache ilivyo. Ya mbele ing'oe, uifunge kwa msumari mmoja katikati, ipate kuyumba juu na chini kama mizani. Isizunguke kulia na kushoto, iyumbe tu. Hapo magurudumu yote manne yatakanyaga. Jambo la pili: umeyakaza magurudumu kwenye ekseli? Yaache huru, kila moja lizunguke kivyake, na nje uweke pini ya kulizuia lisichomoke. Njia ikipinda, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na ukiyafunga pamoja moja lazima liburuzwe.

La tatu ni uzito. Jiwe la mita moja kila upande lina tani kama 2.7. Ukilipunguza mara 32 kwa urefu, upana na kimo, uzito unagawanywa kwa 32,768. Zinabaki gramu kama 82. Usishangae likiwa jepesi mkononi. Behewa tupu lipigilie kipande cha madini ya risasi chini ya mbao.

Dada_wa_Nyundo

Kaka wa Igogo, umenigusa. Mama yangu alitusomesha kwa kuponda kokoto kilimani, na mimi nilishika nyundo kabla ya kalamu.

Itale halisi haikufai kwa sababu chembe zake hazipungui. Jabali kubwa na kokoto vina chembe zilezile, kwa hiyo kwenye behewa lako kila chembe inakuwa kubwa kama tofali. Chukua saruji na jivu lililochekechwa kwa kitambaa, umimine kipande, kisha uguseguse rangi nyeupe kwa ncha ya sindano. Itale ya huko Dartmoor imeelezwa kuwa na fuwele nyeupe kubwa, zionyeshe chache tu.

Na usisahau kingo. Sisi tuliona wazee wakiwasha moto juu ya jabali hadi lipasuke, na jiwe la moto hupasuka linavyotaka lenyewe. Wale wa Dartmoor walitoboa matundu kwa mstari, wakaingiza kabari za chuma katikati ya vibati viwili, wakagonga kwa zamu hadi jiwe likafunguka. Ndiyo maana kwenye ukingo hubaki nusu-matundu yaliyopangana kama meno ya kitana. Bila hayo, jiwe lako halijatoka machimboni.

Mtu_wa_Igogo

Mzee, ilikuwa kona ya kulia mbele. Nimeweka msumari jana usiku baada ya zamu. Behewa limepita maungio yote kumi na moja, likarudi kinyumenyume, likapita tena. Nilimwamsha mke wangu aje aone.

Dada, nusu-matundu hayo nilikuwa nayapapasa kila nikienda na sikujua ni nini. Kidole changu cha shahada kinaingia sawasawa. Nimetoboa tisa kwa sindano kwenye saruji ikiwa bado mbichi. Sasa nachonga njia panda, ile ambayo jiwe moja limechongwa mifereji miwili. Ulimi wa kuelekeza gurudumu nitautengeneza kwa mti wa mwaloni, nimeshapata kipande.