Naomba ushauri: namhudumia bibi Myahudi, Sabato inanipa wasiwasi

Habari zenu wapendwa. Nipo Brooklyn, New York, mwezi wa pili sasa namtunza bibi mmoja Myahudi anayeshika dini sana. Nampenda kama bibi yangu mzaa mama, sitaki kumkosea.

Jikoni kuna sinki mbili. Vyombo vya nyama mbali, vya maziwa mbali. Juzi nilikoroga uji wake wa maziwa kwa kijiko cha mchuzi wa kuku. Akakitoa kijiko, akakiweka pembeni kimya kimya, na uji hakuugusa. Roho iliniuma. Kijiko kile kinatakasika, au ndiyo basi?

Kubwa zaidi ni Sabato. Ijumaa kabla jua halijazama anawasha mishumaa, na toka hapo hadi nyota zionekane Jumamosi hagusi swichi. Wiki iliyopita nilizima taa ya chooni kwa mazoea. Hakuniambia niwashe, alisema tu, "Huko mbona giza." Nikawasha. Nilikosea?

Najua kuokoa maisha kunatangulia Sabato, kwa hiyo akizidiwa naita ambulensi papo hapo. Ila haya madogo madogo?

Mliowahi kufanya kazi nyumba kama hizi, na ndugu Wayahudi wa Mbale, Uganda, kama mpo: nimuulize mwenyewe, au nianze na binti yake?