Kikundi: UKOO WA KASHOZI – HIJA

20:41 Mama Neema: Tumsifu Yesu Kristo. Mlio huku Tiberia nisomeni vizuri, sirudii. Kesho basi linaondoka saa 12:30 asubuhi KAMILI. Misa yetu Mlima wa Heri ni saa 2, na kuna kundi jingine linaingia baada yetu. Tukichelewa tumeikosa.

20:42 Mama Neema: Mabega na magoti yafunikwe. Kapernaumu wanakurudisha getini. Deo, ile kaptula iache hotelini.

20:43 Mama Neema: Baada ya Misa ni Tabgha, Kapernaumu, boti, chakula, halafu Yardenit, pale mtoni Yordani. Bahashishi ya dereva na kiongozi naikusanya leo. Mpaka sasa katoa Koku peke yake.

20:58 Mama Neema: Tiki za bluu naziona.

21:03 Revo: Milele amina. Nashuka nayo dada.

21:05 Deo: Kaptula inafunika magoti nikitembea polepole 😂

21:06 Ma Jose: Nimeshaificha.

21:09 Koku: Mimi kesho Yordani naingia mzima mzima. Nabatizwa upya, nianze moja.

21:10 Deo: Mawe! Wakukaushe na nini, turubai?

21:10 Koku: 😂😂 Deo utalaaniwa

21:12 Mama Neema: BAHASHISHI.

21:14 Revo: Koku, sisi tunarudia ahadi za ubatizo tu. Padri atatunyunyizia maji, basi.

21:15 Koku: Nyunyizo nimepata utotoni, hata sikumbuki. Wenzetu Wapentekoste wote wanazama.

21:31 Neema: Shikamooni wote. Nipo na Bibi huku, nimemsomea. Anasema mkumbuke maji yake ya Yordani.

21:32 Deo: Mwambie nitamletea dumu zima.

21:32 Ma Jose: Deo nyamaza.

21:33 Koku: Dumu tena? 😳

21:34 Mama Neema: Jamani tusianze ya lile dumu la hija ya Namugongo, Uganda.

21:36 Koku: Nani kaanza? Mtu kasema dumu mwenyewe. Mimi nilikaa na lile dumu mapajani mpaka Masaka. Kuanzia Masaka aulizwe aliyekabidhiwa.

21:38 Deo: Gari liliniacha Masaka! Dumu ningelipandisha pikipiki? Mbona hamkuhesabu watu kabla ya kuondoka?

21:39 Mama Neema: Nilihesabu. Tulikuwa sawasawa.

21:39 Deo: Ulimhesabu kondakta.

21:52 Neema: Bibi anataka kusema mwenyewe.

21:54 Neema: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:07)

21:58 Neema: Nauandika kwa ambao hawawezi kusikiliza. Bibi anasema: "Koku, nilikupeleka Kashozi mgongoni, mvua inanyesha, ukabatizwa. Niambie ubatizo ule ulikuwa na kasoro gani. Maji nayataka, ila asiyabebe Deo."

22:20 Mama Neema: Tumesikia Mama.

22:21 Revo: Asante Mama.

22:47 Deo: Sawa Mama.

01:12 Novat: Safari njema wapendwa. Hivi risiti ya mabati anayo nani?

06:21 Mama Neema: Novat, mabati si ya hapa. DEO UKO WAPI, basi linanguruma.

06:34 Ma Jose: Anatafuta soksi.

10:15 Revo: 📷 Huku ni Tabgha. Ile mozaiki ya mikate na samaki. Hesabuni mikate.

10:40 Neema: Naona minne tu?

10:41 Revo: Minne na samaki wawili. Kiongozi anasema wa tano ndio ule wa altareni.

10:42 Deo: Au fundi alikuwa na njaa.

11:50 Revo: Kapernaumu nyumba zote ni mawe meusi ya volkano, isipokuwa sinagogi, lenyewe jeupe. Kanisa lililojengwa juu ya nyumba ya Petro lina kioo sakafuni, unachungulia kuta chini.

12:55 Deo: Bahari ya Galilaya ni ziwa jamani. Urefu kilomita 21, upana 13. Kwetu Bukoba ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, hapa naona mpaka madirisha.

12:57 Mama Neema: Dhoruba iliwatosha mitume, na wewe itakutosha.

13:40 Deo: 📷 Samaki wa Petro. SATO. Nimepanda ndege mbili kuja kula sato na chipsi.

13:41 Neema: 😂😂😂 Anko

13:43 Mama Neema: Mathayo 17:27. Petro alikuta sarafu mdomoni mwa samaki akalipa kodi. Wewe mchunguze wako, unadaiwa bahashishi.

13:44 Deo: Huyu wamemkaanga na mdomo wazi, sarafu walishatoa jikoni.

14:30 Revo: Dada, kuhusu maji ya Mama. Yardenit ni pahali palipotengenezwa 1981 kwa ajili ya mahujaji. Yohane kubatiza, mapokeo yanasema ni kule chini karibu na Yeriko, na keshokutwa tunapita. Si tuchote kule?

14:32 Mama Neema: Mto si ni huohuo?

14:33 Revo: Ni huohuo, ila kule maji yana tope.

14:35 Ma Jose: Mama akiona tope atasema Deo kachota barabarani.

14:36 Mama Neema: Basi tuchote hapa. Au kote kuwili. Tutaona. Chupa iende kwenye begi kubwa, begi la mkononi hawaruhusu zaidi ya mililita 100. Begi la nani lina nafasi?

14:52 Mama Neema: Begi la nani?

15:20 Mama Neema: Tumefika Yardenit. Padri anaanzia kwenye ngazi za kushoto. Koku simwoni.

15:24 Ma Jose: Yupo foleni ya kanzu nyeupe.

15:24 Mama Neema: Kanzu za kukodi? Za nini??

15:26 Ma Jose: Sijui dada. Kashalipa.

15:27 Deo: Humu kuna kambare, nimewaona. Mwambieni.

15:31 Neema: Bibi anauliza mmefika wapi na Koku anafanya nini. Nimjibu nini?

15:33 Mama Neema: Mwambie mtandao unasumbua.