Honi ikilia ghafla, shingo hugeuka kabla hujajua ni nini. Taarifa inapita wapi ubongoni?

Mwanga_KGM (Kigoma)
Habari wakuu. Naandaa kipindi cha wanafunzi wa utabibu. Wamekariri kwamba thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, inapokea taarifa zote za hisia na kuzipeleka kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Sasa bodaboda akipiga honi nyuma yako pale mtaani Mwanga, unageuka kabla hata ya kutambua kuwa ni honi. Je, kweli taarifa imefika gamba kwanza, ndipo amri ikarudi? Na wodini tunapimaje umakini na mwendo wa macho bila mashine?

Isevya_TBR (Tabora)
Mkuu, tenganisha kwanza kushtuka na kugeukia, wengi huchanganya.

Kushtuka ni njia fupi: koklea (sikio la ndani), shina la ubongo kwenye sehemu yake iitwayo ponzi, kisha uti wa mgongo. Kope hufumba ndani ya milisekunde 30 hadi 50 hivi. Sauti ileile ikipanda polepole, mtu hashtuki.

Kugeukia kunapita ubongo wa kati. Mgongoni mwake kuna vilima vinne. Viwili vya chini ni vya sauti, na kutoka hapo njia kuu huenda thalamasi hadi gamba la kusikia. Tawi jingine huingia vilima vya juu, ambako hutoka amri ya kugeuza macho na shingo. Tabaka zake za nje hupokea kuona tu. Za ndani hupokea kuona, kusikia na kuguswa, na ramani za hisia hizo zimelaliana. Kilima cha juu cha kushoto hushughulikia upande wa kulia. Mlio hafifu na mwanga hafifu vikitokea mahali pamoja na wakati mmoja, seli nyingi za hapo hujibu kwa nguvu kuzidi jumla ya viwili hivyo. Jicho hurukia kitu kipya kwa kama milisekunde 200, mara nyingine karibu 100.

Kibirizi_Ziwani (Kigoma)
Hapo kwenye "taarifa zote" pafutwe. Harufu hufika gamba lake bila kupita thalamasi kwanza.

Halafu thalamasi haipitishi tu. Ni kama stesheni ya Tabora: treni ya Kigoma na ya Mwanza zinaachana pale, lakini lazima mtu apange njia. Anayepanga, kwa sehemu kubwa, ni utando mwembamba wa seli za GABA (kemikali inayozuia seli nyingine) ulioizunguka. Utando huo hautumi kitu kwenye gamba, unaibana thalamasi yenyewe. Mwanasayansi Francis Crick alipendekeza mwaka 1984 kwamba ndio unaoelekeza umakini. Pulvina, nukliasi (kundi la seli) kubwa kuliko zote za thalamasi, hupeleka habari za vilima vya juu kwenye maeneo ya kuona ya gamba.

Usisahau lokasi seruleasi, kikundi kidogo cha seli kwenye ponzi. Ina seli makumi ya maelfu tu, lakini noradrenalini yake, kemikali ya kuamsha, husambaa karibu ubongo mzima. Honi ikirudiwa bila madhara, mwitikio hufifia; ndiyo maana wauza duka wa barabarani hawageuki tena.

Mwanga_KGM (Kigoma)
Shukrani wakuu. Na vipimo?

Isevya_TBR (Tabora)
Kaa mbele ya mgonjwa, kama mita moja. Akutazame pua. Nyoosha mikono pande mbili, chezesha kidole cha kulia peke yake, cha kushoto peke yake, kisha vyote pamoja, ukichanganya mpangilio ili asikisie. Akiona kila kimoja kikiwa peke yake lakini vikichezeshwa pamoja akakosa cha kushoto kwake, umakini wa upande huo umeathirika. Mara nyingi tatizo liko gamba la paraito (upande wa juu nyuma wa ubongo) la kulia, ila kiharusi cha thalamasi ya kulia nacho huweza kuleta hivyo. Akikosa cha kushoto hata kikiwa peke yake, pima kwanza uwanja wa kuona, usikimbilie umakini.

Mpimaji akichezesha mkono mmoja kwa nguvu zaidi, jibu limeharibika. Mgonjwa mwenye usingizi naye usimpime: angalia sukari na malaria kwanza.

Kisha mwambie atazame juu na chini. Akishindwa, shika kichwa umwinamishe na kumwinua taratibu akikodolea kitu kimoja, mradi shingo haina jeraha. Macho yakisogea sasa, neva zinazosogeza macho ni nzima na hitilafu iko kwenye njia za ubongo zinazoziamuru, mara nyingi ubongo wa kati.